Simu mbili angani

Kazi yangu ni kufungua simu. Nabadilisha vioo, betri na matundu ya chaji yaliyojaa vumbi la mifukoni, na siku ambayo upepo ni mzuri nafunga meza mapema nikaruke. Kwa hiyo marubani wenzangu wa paraglaida na hanglaida, yaani mabawa ya kurukia yasiyo na injini, wanaponiletea simu, huwa wanataka mambo mawili kwa mpigo: nitengeneze kifaa, na niwaambie kama kinafaa kuwaongoza hewani. La kwanza ni kazi ya mikono. La pili nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, basi naliandika hapa nilimalize.

Simu inafaa. Tena inafaa kuliko wanavyokubali wale wakongwe wetu wenye vifaa maalumu vya bei kubwa. Ila simu ya kurukia isiwe ile unayopigia. Tafuta simu iliyostaafu, iwekee betri mpya, itoe laini na kila programu isiyohusika na kuruka, iunganishe na vario ndogo ya kando, yaani kifaa kinachokulilia kukuambia unapanda au unashuka, ndipo uifunge mbele yako. Ile ya kila siku ikae kifuani ndani ya koti ikiwa na chaji, isiguswe mpaka miguu iwe chini.

Wengi wananikatalia hapo kwenye vario ya kando. Wanasema, kama simu ina barometa, yaani kihisi cha mgandamizo wa hewa, na spika, vario ya nini tena? Swali hilo lina haki yake, na kulijibu inabidi turudi kwenye kazi yenyewe ya vario.

Mtu akiwa hewani hana kiungo kinachohisi mwendo usiobadilika. Sikio la ndani linashika mabadiliko tu. Ukiingia kwenye themali, yaani hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini, unahisi ule msukumo wa kwanza makalioni, halafu baada ya sekunde chache za kupanda kwa kasi ileile mwili unanyamaza, hujui tena kama unapanda au unashuka. Ukiwa ubavuni mwa mlima macho yanasaidia, maana miti unaiona ikiteremka. Ukiwa mita 1,500 juu ya tambarare huna mti wa kukuambia kitu. Na paraglaida kwenye hewa iliyotulia inashuka mita 1 hivi kila sekunde; hanglaida nzuri hushuka polepole kidogo kuliko hapo. Ili upande, lazima hewa iliyokubeba ipande haraka kuliko bawa linavyoshuka ndani yake, na tofauti hiyo mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba bila mlio sikioni utaipita tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Robert Kronfeld, Mwaustria aliyekuwa akirusha ndege zisizo na injini, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia vario kuwinda hewa ya namna hiyo. Vario za zamani zilikuwa na chupa ya thamosi ndani yake, kweli kabisa, chupa ya thamosi: mgandamizo wa nje ukipungua, hewa ya kwenye chupa ilitoka kupitia njia nyembamba, na sindano ikasoma mtiririko ule. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na kiutando cha silikoni ndani ya chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Kinapinda kidogo mgandamizo unapobadilika, saketi inasoma kule kupinda, programu inageuza kuwa mita kwa sekunde, kisha inageuza mita kuwa mlio: ukipanda haraka milio inakuwa ya juu na ya kufuatana, ukishuka inakuwa mnguno mrefu mzito.

Chipu hizo, nyingi za Bosch au STMicroelectronics, zilianza kuingia kwenye simu mwaka 2011, Galaxy Nexus ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Hazikuwekwa kwa ajili yetu. Lengo lilikuwa kuisaidia GPS ipate mahali ilipo haraka zaidi, kwa kuwa mwinuko ukiwa unajulikana tayari hesabu inapungua. iPhone ilipata barometa mwaka 2014, kwenye iPhone 6. Mpaka leo simu nyingi za daraja la chini hazina, na wenye nazo mara nyingi hawajui.

Sasa tazama ukubwa wa kazi tunayoipa hiyo chipu. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo wa hewa hupungua hektopaskali 1, yaani paskali 100, kila unapopanda mita 8.3 hivi. Ukifika mita 3,000 hewa imekuwa nyepesi, na hektopaskali hiyohiyo 1 inakutaka upande kama mita 11. Kuinyanyua simu kutoka sakafuni hadi mezani ni paskali 9 tu, sehemu moja kwa zaidi ya elfu kumi ya hewa yote inayokukandamiza, na barometa nzuri ya simu inaiona tofauti hiyo bila shida. Kama kifaa cha kupimia, siidharau hata kidogo.

Tatizo liko kwenye nyumba yake. Chipu ya barometa inapumua kupitia tundu, na kwenye simu tundu hilo huwa ni la kuazima: la maikrofoni, la spika, au kijitundu cha pekee kilichozibwa kwa utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Paraglaida ikienda kilomita 36 kwa saa, upepo ukipiga moja kwa moja kwenye tundu unaongeza paskali 60 hivi. Kwa barometa hizo ni mita 5 za mwinuko zilizozuka kutokana na upepo peke yake. Upepo ungekuwa haubadiliki tusingejali, maana vario inatazama mabadiliko. Lakini kwenye themali yenye vurugu unageuka, unayumba, kichwa chako kinakinga simu kisha kinaiachia, na kila mara namba zinaruka. Hanglaida ndiyo inayoteseka zaidi kwa sababu inakwenda kasi, na nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi: ukienda kasi mara mbili, kosa linakuwa mara nne.

Kuna kijana mmoja wa paraglaida alinijia akiwa amekunja uso. "Shikamoo fundi. Hii simu inapanda ikiwa imelala mezani."

"Marahaba. Inapanda kivipi?"

"Ukiigusa kioo tu, fundi, vario inapiga kelele."

Niliigusa, ikapiga kelele. Ilikuwa ni simu isiyoingiza maji, na simu za namna hiyo zimefungwa pande zote kwa gundi. Ukibonyeza kioo unaikandamiza hewa iliyo ndani, na barometa, ambayo inakaa humohumo ndani, inasoma kwamba umeshuka, ukiachia, umepanda. Ikiwa mpya hewa hiyo hutoka haraka kupitia kijitundu chake na hali inatulia. Hii ilikuwa imebadilishwa kioo na fundi mwenzangu ambaye hakuwa na sababu ya kujua barometa ni kitu gani, gundi ikafurika na kufunika karibu utando wote. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaweka gundi upya kwa kipimo. Ilipona, ingawa hata simu nzima kabisa za aina hiyo hushtuka kidogo zikibonyezwa. Ukigusa skrini katikati ya themali na kusikia umepanda mita 3 kwa sekunde, usishangilie.

Njia ya kujua kama barometa yako iko hai ni rahisi. Tia simu kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, uache na hewa ndani, funga, kisha ukiwa umefungua programu ubonyeze mfuko taratibu kwa kiganja. Mwinuko ushuke papo hapo, na ukiachia urudi. Ukiona unakuja kwa uvivu, sekunde moja au mbili baadaye, tundu limeziba au programu inalainisha namba kupita kiasi.

Huo uvivu ndio unaonifanya nisisitize vario ya kando. Namba zikiwa na vurugu, programu hulazimika kuzichanganya na za nyuma ili mlio usiwe wa kichaa, na kila unavyochanganya zaidi ndivyo mlio unavyochelewa. Hebu piga hesabu. Paraglaida inazunguka duara zima kwa sekunde 17 hivi kwenye themali ya kawaida, yaani nyuzi 21 kila sekunde. Mlio ukichelewa sekunde 2, umeshageuka zaidi ya nyuzi 40 na kusonga mita 20 kutoka pale hewa ilipokuwa nzuri. Unaposikia "hapa!", hapa imebaki nyuma ya bega. Utasogeza duara lako kuelekea upande usio wenyewe, duara linalofuata utasogeza tena, na marubani walio chini yako watakupita wakiwa wamejiegemeza kwenye viti vyao.

Vario ndogo za kando, zile za ukubwa wa kiberiti, zina barometa iliyofungwa kwa kusudi hilo. Mafundi wengi wanaojitengenezea wenyewe hutumia chipu ya MS5611, yenye uwezo wa kutofautisha sentimita 10 za mwinuko, na wanaikinga upepo kwa kipande cha sponji. Nyingine, kama XC Tracer, zinachanganya barometa na vihisi vya mwendo, hivyo zinajua umeanza kusukumwa juu kabla mgandamizo haujabadilika vya kutosha kusomeka. Zina spika yao, betri yao, na hazipokei simu kutoka kwa shemeji katikati ya mlio. Kisha zinaipelekea simu taarifa kwa Bluetooth, mara nyingi kwa mstari wa maandishi unaoanza na LK8EX1, wenye mgandamizo kwa paskali na kasi ya kupanda kwa sentimita kwa sekunde. Simu ikizima, mlio unaendelea. Kwangu mimi hiyo sababu moja inatosha.

Kama huna vario ya kando, usiache kuruka kwa ajili hiyo. Bandika sponji laini juu ya tundu la barometa, iweke simu mahali upepo haugongi moja kwa moja, na ukubali kwamba utazisikia themali kubwa na kuzikosa zile nyembamba. Usijaribu kufanya vario kwa GPS. Setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini, kwa hiyo kosa la GPS kwenda juu na chini ni kubwa kuliko kosa lake kwenye ramani, tena simu nyingi hupata namba mpya mara moja tu kwa sekunde.

Hapo nimeitoa simu kwenye kazi ya sikio. Zinazobaki ni kazi za ubongo, na huko hakuna chombo cha zamani kinachoiweza.

Ukishajua mahali ulipo kila sekunde, mengi yanafuata yenyewe. Unapozunguka kwenye themali, kasi yako juu ya ardhi huwa kubwa upande unaokwenda na upepo na ndogo upande unaokabili. Chukua tofauti yake, igawe kwa mbili, umepata kasi ya upepo, na mwelekeo wake unajulikana kutokana na upande uliokuwa na kasi kubwa. Programu inafanya hivyo bila kuulizwa. Kutokana na upepo huo na uwezo wa bawa lako inakuchorea mpaka unaoweza kufika bila kupata hewa nyingine. Paraglaida inasonga mita 8 hadi 10 kwa kila mita 1 inayoshuka, hanglaida ya kisasa inaweza kupita 13, na mshale unaokuambia utafika juu ya ule mstari wa nyaya za umeme ukiwa na mita 150 za ziada ni faraja kubwa, mradi ukumbuke kwamba mshale hauijui hewa inayoshuka iliyoko mbele. Anga iliyokatazwa nayo inaonekana rangi yake, na programu inakupigia kelele kabla hujaingia.

Ukiwa unateleza kando ya mlima, tazama namba moja kuliko zote: kasi juu ya ardhi unapokabili upepo. Bawa likiwa na kasi yake ya kawaida ya kilomita 37 na simu ikakuonyesha 8, upepo pale ulipo ni kilomita 29, na muda wa kwenda kutua umeshafika. Upepo ukikushinda kabisa utaona jambo la ajabu: alama yako kwenye ramani inageuka na kutazama nyuma. Simu haijaharibika. GPS haijui pua ya bawa inatazama wapi, inajua tu unakoelekea, nawe unarudi kinyumenyume. Kwa sababu hiyo ramani yangu naiacha kaskazini ikiwa juu muda wote. Ramani inayojizungusha hupiga mzunguko wa ghafla wakati ambao hutaki kabisa kushangazwa.

Kuhusu mwinuko, simu inakupa namba mbili na zitagombana. GPS hupima kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, WGS84, ambalo halilingani na usawa wa bahari kila mahali. Kusini mwa Sri Lanka tofauti inapita mita 100. Programu nzuri hulirekebisha hilo zenyewe. Barometa nayo inategemea hali ya hewa ya siku, kwa hiyo kabla ya kuruka iambie mwinuko wa pale uliposimama. Hata ukifanya hivyo, siku yenye joto la nyuzi 10 juu ya kiwango sanifu barometa inakuonyesha chini ya ulipo kwa asilimia 4 hivi, karibu mita 100 ukiwa umepanda mita 2,500. Watu wanadhani kifaa kimekosea. Lakini mipaka ya anga inayotajwa kwa mgandamizo inaheshimiwa kwa barometa, maana marubani wa ndege kubwa nao wanaruka kwa barometa, na wote mkikosea kwa namna moja hamgongani.

Programu zenyewe sitazikalia sana. XCTrack ni ya Android, na wengi wa paraglaida ninaowajua wanaitumia. XCSoar ni programu huria, ilianzia kwa watu wa ndege zisizo na injini, nayo inakubali pia kuwekwa kwenye visoma-vitabu vya Kobo ambavyo skrini yake inazidi kusomeka jua linapozidi kuwaka. Wenye iPhone wana Flyskyhy. Zote zina mambo mengi kuliko muda ambao rubani wa kawaida yuko tayari kutumia kuzisoma. Ushauri wangu ni huu tu: weka namba chache, ziwe kubwa, na ruhusu ukurasa ujibadilishe wenyewe unapoanza kuzunguka. Mkono mmoja ukiwa kwenye skrini, bawa linaongozwa na mkono mmoja. Nimeona skrini yenye visanduku kumi na nane vya namba, mwenyewe akijisifu, na sidhani kama aliwahi kusoma zaidi ya vitatu.

Mipangilio ya simu ndiyo watu wanaisahau. Android ina tabia ya kuua programu inayokula betri skrini ikizimika, kwa hiyo iondolee programu yako kizuizi hicho kwenye mipangilio ya betri. Zima masasisho. Weka hali ya ndege; GPS inaendelea kufanya kazi, na Bluetooth unaiwasha tena peke yake. Lakini kabla ya kuzima mtandao, iache GPS ikamate setilaiti ukiwa bado chini na intaneti ipo, hata kama intaneti yenyewe unaiazima kutoka kwenye ile simu nyingine, maana bila msaada wa mtandao simu iliyokaa kabatini inaweza kuhitaji dakika kadhaa kujua iko wapi. Ramani nazo zipakue mapema. Yote haya ni rahisi kwenye simu isiyo na kazi nyingine, na ni kero kwenye simu yenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima.

Kisha kuna jua na baridi, na hapa naongea kama mtu anayeona betri zilizovimba kila wiki. Apple wanasema iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Simu nyeusi, mwanga wa skrini umefunguliwa wote, jua la mchana likipiga kioo, wakati unangoja upepo pale pa kurukia, inapita nyuzi 35 kabla hujafunga mikanda. Ikipata joto inajipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue, yaani inafifia saa ileile unayohitaji kuiona. Ifunike kwa kitambaa cheupe unapongoja. Ukipanda hali inageuka: hewa ya mchana inapoa karibu nyuzi 1 kila mita 100 mpaka usawa wa mawingu, na baridi inafanya betri ya lithiamu kushindwa kutoa nguvu kwa haraka. Betri iliyochoka inaonyesha asilimia 30, skrini inadai umeme, volti inaanguka, simu inazima. Ukiipasha kiganjani inawaka tena na ile asilimia 30, watu wananiambia ni uchawi. Ni ukinzani wa ndani wa betri, na dawa yake ni betri mpya. Pawabenki inasaidia, kwa waya, si ile ya kuchaji bila waya ambayo inamwaga joto bure. Ila betri yenyewe ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 0 usiilazimishe kupokea chaji. Lithiamu inaganda juu ya elektrodi na betri haiwi ileile tena.

Miwani nayo! Miwani ya jua yenye polaroidi inaweza kuifanya skrini iwe nyeusi tii ukiitazama kwa pembe fulani. Ijaribu chini, kwa kuilaza na kuisimamisha, usije ukadhani imezima.

Kwenye kufunga, paraglaida na hanglaida zina sheria tofauti. Wa paraglaida anaketi, ana kibao mapajani, simu inakaa hapo, na anachopaswa kuangalia ni kwamba kamba ya usalama ipo na haina urefu wa kufika kwenye mshikio wa mwavuli wa akiba. Kamba si hiari: simu ikidondoka kutoka mita 800 inaua mtu. Wa hanglaida analala kifudifudi, na simu hufungwa kwenye nguzo ya fremu au kwenye nondo anayoshika. Yeye aifikirie siku ya kutua vibaya, pua ya bawa inapochoma ardhi na mwili kurushwa mbele kupitia fremu. Chochote kigumu kilicho kwenye njia ya uso wake ni adui. Ifunge pembeni, kwa kifungio kinachoachia kikipigwa, na kamba yake.

Sasa ile simu ya kifuani. Joto la mwili linaitunza betri yake, na haitafuti minara kwa fujo kama uliizima mtandao au uliacha tu kitu kimoja cha kukufuatilia. Ukitua mbali, peke yako, labda umeteguka mguu, hicho ndicho kifaa chako muhimu kuliko vyote, kuliko vario, kuliko ramani. Namba ya 112 inafanya kazi kwenye nchi nyingi hata kama mtandao wako wenyewe haushiki, ilimradi kuna mwingine unaoshika. Kabla ya kuruka kubaliana na anayekufuata kwa gari mtaandika mahali kwa mtindo gani, maana nyuzi zenye desimali na nyuzi zenye dakika zikichanganywa zinampeleka mtu kilomita kadhaa pembeni, kwenye bonde lingine kabisa. Hapo ndipo watu wanaorukia simu moja wananiudhi: wanatua na asilimia 4, wamechoma betri yote kwa kuchora mstari mzuri wa kuonyesha wenzao jioni.

Mstari wenyewe una thamani, sikatai. Programu hizi huandika faili la IGC, nalo ni maandishi matupu unayoweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kila mstari unaoanza na herufi B una saa, latitudo, longitudo, kisha mafungu mawili ya namba: mwinuko wa barometa na mwinuko wa GPS, bega kwa bega. Mwishoni kuna mistari ya G, sahihi inayothibitisha kwamba hukuyagusa. Mwaka 2007, karibu na Manilla huko Australia, wingu la radi lilimnyonya rubani wa paraglaida Ewa Wiśnierska hadi mita 9,946, akapoteza fahamu, akaamka, akatua hai. Tunaijua namba hiyo kwa sababu kifaa chake kiliendelea kuandika wakati yeye hawezi. Sidhani simu yoyote niliyowahi kuishika ingevumilia baridi ya huko.

Ukienda kutafuta simu ya kustaafisha, usihangaike na kamera wala kasi. Angalia mwanga wa skrini nje juani, si dukani. Angalia kama betri inabadilishika bila kuivunja mgongo. Isiwe imewahi kuzama majini, kutu ya ndani haionekani mpaka siku ya kukuangusha. Kagua orodha ya vihisi kwa programu yoyote ya bure inayovionyesha, uone kama barometa ipo. Ukikuta haipo lakini skrini inang'aa na betri ni nzima, ichukue tu. Vario ya kando inakuja na barometa yake.